Nani Aliyemo Ndani?

Kila ipitapo miaka michache huzuka habari ya mnada, ama London ama Los Angeles, ambamo mabaki ya filamu za zamani hutandazwa mezani na kupigiwa bei. Na miongoni mwa mabaki hayo, pamoja na panga za wapiganaji na kofia za waigizaji mashuhuri, hutokea pia kipande kimoja au viwili kutoka katika The Dark Crystal, filamu iliyotolewa Desemba mwaka 1982, ambayo tangu mwanzo wake hata mwisho haina uso hata mmoja wa mwanadamu. Hivi karibuni mpwa wangu, kijana aliyesomea hesabu za biashara na mwenye tabia ya kupima kila kitu kwa faida yake, aliniletea habari ya namna hiyo katika simu, akanionyesha mkono wa kiumbe uliokunjamana na kupasuka vidole, akaniuliza, kwa adabu lakini kwa mshangao asioweza kuuficha, "Mjomba, hivi ni akili gani ya mtu mzima kutoa fedha za kununulia kiwanja kwa ajili ya mpira uliooza?" Alijua fika kwamba nami nimo katika kundi la wapenzi wa filamu hiyo. Sikumjibu papo kwa papo, kwa kuwa jawabu lake limetawanyika katika miaka mingi na miji kadhaa, na haliwezi kukusanywa ila kwa kusimulia.

Filamu hiyo niliiona mara ya kwanza Mombasa, katika nyumba ya ukoo wetu, zama ambazo mashine za video zilikuwa zimeanza kuingia majumbani, na watu wa mtaa wakijaa sebuleni kwa mwenye nayo bila kungoja mwaliko. Ammi yangu alikuwa baharia wa meli za mizigo, na katika mojawapo ya safari zake alirejea na kanda aliyoinunua katika bandari ya Uingereza, akiamini kuwa ni mchezo wa watoto, maana mwenye duka alimwambia imetengenezwa na Jim Henson, bwana yule yule wa chura Kermit. Watoto tukakaa mkekani, wazee vitini, na nyanya yangu karibu na mlango, akijipepea.

Kumbe chura hakuwamo. Palikuwa na ulimwengu mwingine wenye majua matatu, na jiwe kubwa la bilauri lililopasuka miaka elfu moja kabla ya hadithi kuanza, na kaumu mbili zilizozuka baada ya mpasuko huo: Skeksis, wakatili wenye midomo ya tai na ngozi ya mijusi, waliojivika mahariri yaliyochakaa, wakigombea vyakula na vyeo, na wenzao wapole wenye mikono minne, waendao polepole, wakiimba kwa sauti nzito itokayo kifuani. Baina yao alikuwapo kijana mmoja wa kaumu ya Gelfling, jina lake Jen, aliyelelewa na wale wapole, ambaye ilimlazimu kukirudisha kigae cha jiwe mahali pake kabla majua hayajapangana mbinguni. Mfalme wa Skeksis alipokata roho kitandani, na mwili wake kumomonyoka ukawa vumbi mbele ya macho yetu, wadogo walilia wakakimbilia uani, na ammi akanyanyuka kuizima mashine.

Nyanya alikataa. Yeye ndiye aliyekuwa akitusimulia ngano za mazimwi na majini usiku, kwa sauti alizozigeuza kiasi cha kutufanya tusithubutu kwenda msalani peke yetu, na sasa alisogea mbele, akavaa miwani, akamkazia macho Chamberlain, yule Skeksis mnafiki mwenye kuguna kila asemapo, akauliza, "Wanangu, ndani ya huyu mna watu wangapi?" Binamu yangu mkubwa akamwambia kuwa ni mashine. "Mashine haichoki," akasema. "Huyu kachoka. Itazameni shingo yake."

Baada ya miaka mingi nilisoma jinsi filamu ile ilivyotengenezwa, nikaona kuwa bibi huyo, ambaye hakuwahi kutia mguu katika jumba la sinema, alikuwa amesema kweli tupu. Kila Skeksis alikuwa na mchezeshaji mkuu aliyejificha ndani ya joho, ameinua mkono mmoja juu ya kichwa chake mwenyewe ili kukishikilia kichwa cha kiumbe, na wasaidizi wake wakiendesha macho na kope kwa nyaya, hali wanaitazama kazi yao katika televisheni ndogo kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kuona kilichokuwa kikitendeka mbele ya kamera. Chamberlain alichezeshwa na Frank Oz, aliyeiongoza filamu pamoja na Henson, na sauti yake ikatiwa baadaye na Barry Dennen. Hivyo hata mnafiki huyo mmoja hakuwa wa mtu mmoja. Ama wale waliovaa magamba ya Garthim, askari wa Skeksis wenye umbo la kaa, walibeba uzito wa yapata kilo 30, na ikawa hapana budi kuwatundika juu ya vyuma pamoja na mavazi yao kila baada ya muda mfupi ili wapate kupumua. Huo ndio uchovu alioubaini nyanya. Naye aliubaini kwa kuwa alikuwa fundi wa kazi iyo hiyo, maana zimwi la ngano halina mwili ila koo la msimulizi, na mwenye kulitia uhai usiku kucha huamka asubuhi sauti imemkauka. Tangu siku ile nimemhesabu mpenzi wa vikaragosi kuwa ni mtu anayeonja raha mbili kwa pamoja, ya kudanganywa na ya kumtambua anayemdanganya. Akiikosa ya pili amebaki mtoto, na akiikosa ya kwanza amekuwa mkaguzi wa mahesabu.

Nilipokuwa nikiishi London katika miaka ya 1990, nikifanya kazi isiyohusiana na sanaa kwa namna yoyote, nilizitumia siku za mapumziko kufuata nyayo za filamu hiyo. Chimbuko lake lilikuwa Marekani: mwezi wa Februari mwaka 1978, Henson na binti yake Cheryl walizuiwa na theluji katika hoteli ya kiwanja cha ndege huko New York, na humo ndimo alimoandika muhtasari wa kwanza wa hadithi, wakati ambao msafiri mwingine angeshinda akililaumu shirika la ndege. Lakini mwili wake ni wa Uingereza. Mchoraji ambaye Henson alimtaka kuliko wote, Brian Froud, alikuwa Mwingereza mwenye makazi Devon, mtu wa kuchora mizizi na mawe hata ukadhani vina ukoo na nasaba. Na picha zilipigwa mwaka 1981 katika studio za Elstree, mji wa Borehamwood, kaskazini ya London.

Nilikwenda Borehamwood kwa treni. Nilikuta sehemu kubwa ya ardhi ya studio imekwisha kuuzwa, na juu yake limesimama duka kubwa la vyakula ambamo akina mama walikuwa wakichagua viazi. Studio iliyobaki ilinusurika kwa kununuliwa na baraza la wilaya mwaka 1996. Nilinunua mkate na maziwa nikala nimesimama nje, penye magari, na wenzangu wapenzi wa filamu niliowahadithia jambo hilo walinipa pole kana kwamba nimefiwa. Mimi sikuona msiba. Msitu waliopita Jen na Kira, Gelfling mwenzake, haukuwa msitu hata siku ile ulipopigwa picha. Ulikuwa umejengwa juu ya majukwaa yaliyoinuliwa, ili wachezeshaji wapite chini yake na kupenyeza mikono yao kwa juu, na kazi ilipokwisha ulibomolewa, ndiyo desturi ya majukwaa yote ya filamu. Mwenye kutaka ziara ya makaburi na aende kwingine. Sanaa ya namna hii haina mahali. Ina watu, na watu wenyewe huhama na zana zao.

Nyayo za watu hao nilizipata Hampstead, katika mtaa wa Downshire Hill, ambako Henson alikuwa na nyumba yake na, ng'ambo ya njia, karakana. Siku hizo hapakuwa na alama yoyote ukutani. Kibao cha buluu cha ukumbusho kiliwekwa katika nyumba nambari 50 mwaka 2021, na nilipopita tena nikakuta wageni wakipigana picha mbele yake. Kibao kinamtaja Henson peke yake, na anastahili, ila kila nikikumbuka mtaa ule huwakumbuka zaidi wale wasiotajwa: washonaji, wachongaji, mafundi wa nyaya, na wachezeshaji waliofunzwa miendo kwa miezi na Jean-Pierre Amiel, bingwa wa maigizo bubu, hata kabla ya kamera kufunguliwa. Mmoja wa mafundi hao, Wendy Midener, mtengenezaji wa wanasesere kutoka Marekani, alishiriki kuwaumba Jen na Kira, akaolewa na Froud mwaka 1980; na habari ya kizazi chao nitairudia, kwa kuwa ina sehemu katika jawabu ninalodaiwa na mpwa wangu.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1990 nilihudhuria soko la wakusanyaji, lililofanyika katika ukumbi wa hoteli moja ya pembezoni mwa jiji, ambako wanaume wa makamo, wengi wao wapole kupita kiasi, walikuwa wamepanga mali zao juu ya meza zenye vitambaa vyeusi. The Dark Crystal haikuacha bidhaa nyingi nyuma yake. Ilitoka mwaka ule ule wa E.T., ambayo kila mzazi alikuwa tayari kuinunulia kila kitu, na ilikuwa na giza kuliko wazazi walivyotarajia kwa muumba wa Kermit. Wakosoaji wakagawanyika, na Henson mwenyewe, baada ya kutofahamiana na wakubwa wapya wa kampuni iliyogharimia kazi yake, akatoa fedha zake akainunua filamu ili aitoe anavyotaka. Kwa hiyo vile vilivyokuwapo vilikuwa vichache na vimeadimika: mchezo wa mezani wa Milton Bradley, kadi za picha, riwaya ya A. C. H. Smith, kijitabu cha picha cha Marvel, na sanduku la bati la kubebea chakula cha shule.

Sanduku lile ndilo lililonifungua macho. Mwenye kuliuza alikuwa amevaa glovu nyeupe, na alipoona nimenyoosha mkono akanizuia kwa kiganja chake, akanieleza kwa taadhima kuwa halijawahi kutiwa chakula hata mara moja tangu lilipotoka kiwandani, na ndiyo sababu ya bei yake. Nililitazama sanduku hilo kwa huruma. Kuna mtoto mahali fulani ambaye lilitengenezwa kwa ajili yake naye hakulipata, na kutopata kwake ndiko kulikogeuka kuwa fedha. Nikafahamu kuwa katika soko la kumbukumbu thamani hupanda kwa kadiri kitu kilivyoepushwa na mapenzi ya mtu. Meza ya pili yake alikuwapo mwanamke aliyemshona Fizzgig kwa mikono yake mwenyewe, yule kiumbe wa manyoya wa filamu hiyo mwenye mdomo mpana kuliko mwili, na mdomo huo ulifunguka alipoubonyeza kwa ndani, akawachekesha watoto wa wauzaji mchana kutwa. Fizzgig wake hakuwa na cheti cha uasilia, wala hakuna aliyemwuliza bei. Kwangu mimi ndiye aliyekuwa kitu cha asili pekee katika ukumbi ule.

Chini ya meza ya mwuzaji wa tatu, katika boksi la vitu vilivyodharauliwa, nilikuta kitabu cha Christopher Finch cha mwaka 1983 kinachosimulia jinsi filamu ilivyotengenezwa, kimeng'oka jalada na kurasa zake zimelegea. Mwuzaji aliniuzia kwa bei ya chai, akiniomba radhi kwa hali yake. Nimekisoma mara nyingi kuliko kitabu chochote cha aina hiyo nilicho nacho, na nitakitaja tena.

Miaka ilipopita, kazi ilinipeleka Atlanta, na huko nikapata wasaa wa kulizuru Center for Puppetry Arts, jumba la sanaa ya vikaragosi ambalo Henson na Kermit walikata utepe wa ufunguzi wake mwaka 1978, na ambalo tangu mwaka 2015 lina kumbi maalumu za kuhifadhia vikaragosi vilivyotolewa na jamaa zake. Niliingia na moyo wa mtoto wa Mombasa. Nyuma ya kioo, katika mwanga uliofifishwa, alisimama Skeksis. Ukubwa wake ulikuwa ule ule, joho lilikuwa lile lile, lenye tabaka juu ya tabaka za vitambaa vilivyochafuliwa kwa ustadi. Lakini kichwa chake kimeegemezwa juu ya chuma, na hapakuwa na shingo ya kuchoka. Nilijaribu kuogopa, hofu ikagoma kuja. Nyanya angemaliza shughuli hiyo kwa neno moja: ndani hamna mtu.

Mwanga ule hufifishwa kwa sababu, nayo ni ya kusikitisha kwa wakusanyaji. Nyuso za viumbe wengi wa filamu za namna hii hutengenezwa kwa utomvu wa mpira uliopigwa ukatoa povu, ukamiminwa katika kalibu na kuokwa; nao hufaa kwa kuwa ni mwepesi na hukunjika kama ngozi hai mkono ukicheza ndani yake. Walakini hewa yenyewe ni adui yake, na jua na joto ni adui wengine: baada ya miaka hukauka, hupasuka, na mwisho humomonyoka. Waliouchagua hawakuwa wajinga. Walihitaji uso utakaoishi muda wa kupiga picha, si muda wa kizazi, na uso huo ulitimiza ahadi yake. Mahitaji ya kudumu milele yameletwa na sisi tuliokuja baadaye na mapenzi yetu.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Hoggle, kibeti mkaidi wa Labyrinth, filamu ya Henson ya mwaka 1986. Uso wake uliendeshwa kwa mota 18 zilizofichwa ndani, na timu ya watu wakiongozwa na Brian Henson, mwana wa Jim Henson, ilhali mwigizaji Shari Weiser alikuwa ndani ya vazi. Baadaye kikaragosi hicho kilipotea safarini pamoja na mizigo, kikaishia katika duka la mizigo isiyokuwa na wenyewe huko Scottsboro, Alabama, hali ngozi yake imeharibika vibaya. Akapatikana fundi akamtengeneza upya, na sasa anatazamwa na wapita njia. Watu hubishana kama huyo ni Hoggle yule au ni mwingine. Mimi naona ubishi huo unamsahau Bibi Weiser. Hoggle alikuwapo pale watu wote wale walipokubaliana kwa nukta moja kuhusu kope moja, na kukubaliana huko hakutiwi sandukuni, wala hakupotezwi na shirika lolote la ndege.

Baada ya hayo msomaji atadhani nimevitupa vitu vyangu vyote. La hasha. Kanda ya ammi ninayo hadi leo, ingawa haichezi, maana unyevu wa pwani uliiotesha kuvu utepe mzima, na fundi niliyempelekea alinirudishia akisema itaharibu mashine yake. Naihifadhi kwa sababu ya karatasi iliyobandikwa ubavuni, ambayo ammi aliandika kwa herufi za Kiarabu, kwa mkono wake uliopinda kidogo kwa kazi za kamba, maneno mawili: ya watoto. Mnadani haingepata mnunuzi hata wa kuifutia meza, na mimi nisingeiuza.

Mwaka 2019 ndipo nilipopata sehemu ya jawabu niliyokuwa nikiikosa. Mwezi wa Agosti mwaka huo Netflix ilitoa The Dark Crystal: Age of Resistance, mfululizo wa vipindi 10 vinavyosimulia mambo ya kabla ya filamu ya kwanza, ukiongozwa na Louis Leterrier, nami nilikuwa nimeungoja kwa wasiwasi, nikiamini kuwa zama hizi viumbe vyote vitachorwa kwa kompyuta. Kwa hakika jambo hilo lilijaribiwa. Katika filamu ya kumbukumbu inayofuatana na mfululizo huo, The Crystal Calls, wanaeleza kuwa lilifanywa jaribio la kumweka Gelfling wa kompyuta mbele ya Skeksis wa mkono, na walipoulinganisha mchanganyiko huo na vikaragosi vitupu, wakaamua kufuata vikaragosi. Kompyuta ilitumika kupamba na kufuta, na mikono ikaachiwa kuigiza.

Aliyesimamia utengenezaji wa viumbe hao ni Toby Froud. Huyu ni mwana wa Brian Froud na Wendy, na watu wa rika langu walimwona angali mchanga, amevaa nguo yenye milia, maana ndiye mtoto anayeibwa na mfalme wa mazimwi, yaani David Bowie, katika Labyrinth. Mtoto aliyezungukwa na vikaragosi alikua akawa mtengenezaji wa vikaragosi, na wazazi wake wote wawili wakawamo katika kazi hiyo mpya pamoja naye. Hapa ndipo nilipouona urithi wa The Dark Crystal ukiwa mzima: kuukunja waya usikwaruze, kulipaka rangi jicho lipate majimaji, kuuinua mkono juu ya kichwa na kustahimili. Mambo hayo mtu huyapokea kwa mtu, na kwa kuyarudia. Nyuso za mwaka 1982 zinamomonyoka katika makabati, na ilimu iliyoziumba imeumba nyingine.

Mfululizo huo ulipewa tuzo ya Emmy ya kipindi bora cha watoto mnamo Septemba 2020, na siku chache baadaye ikatangazwa kuwa hautaendelea. Wapenzi walikasirika kwa kuwa hadithi ilikatwa njiani. Mimi niliwaza karakana. Hadithi iliyokatwa mwandishi aweza kuimalizia kitabuni, ila kundi la mafundi likitawanyika kila mmoja hushika njia ya riziki yake, na kulikusanya tena ni kuanza kufundisha upya. Henson alihitaji miaka kadhaa kulikusanya lile la kwanza, naye alikuwa Henson.

Kwetu Afrika Mashariki ujuzi huu haukosi wenyewe. Tangu mwaka 2009 watazamaji wa Kenya waliwaona viongozi wao wakichezeshwa kwa nyuso za mpira katika The XYZ Show, iliyoasisiwa na Gado, mchoraji wa vibonzo mzaliwa wa Tanzania, na Watanzania walikuwa na Kilimani Sesame, ambamo jamaa za viumbe wa Henson walisema Kiswahili. Miaka ya hivi karibuni rafiki yangu mmoja alinichukua kutazama karakana ndogo ya vikaragosi Nairobi, chumba kimoja nyuma ya duka la vioo, kinachonuka gundi. Fundi wake ni binti asiyefika miaka thelathini. Rafuni kulikuwa na vichwa vilivyokwisha kazi, vimeanza kupasuka penye masikio, na nilipomwuliza kama ataviuza kwa wakusanyaji alicheka, akasema, "Mzee, hivyo natolea bawaba na chemchemi tu, kilichobaki natupa."

Nilipokwenda mara ya pili nilimchukulia kitabu cha Finch. Hakuuliza ni cha mwaka gani wala kwa nini hakina jalada. Alizipitia kurasa kwa haraka ya mtu anayetafuta kitu alichokiweka, akafika penye picha za karakana, akaishika taa ya meza akaisogeza, akaanza kukisia kwa kidole waya umepita wapi na mkono uliingia upande gani. Mimi nilipotaka kumsimulia habari za nyanya yangu, alinijibu "naam, naam" kwa heshima bila ya kuinua macho. Nikamwachia kitabu.

Amekirudisha kikiwa na madoa ya gundi katika kurasa zote za katikati, na ukurasa mmoja umepigwa mistari ya kalamu ya mafuta, jambo ambalo yule bwana wa glovu nyeupe angeliandikia hati ya kifo. Mpwa wangu, aliyekuwapo siku hiyo, alikadiria mara moja hasara niliyoipata, nikamwachia makadirio yake. Binti huyo alikuwa amefuatana na kikaragosi kipya, mzee wa baraza mwenye kidevu kirefu, na taya lake, lililokuwa likikwama kila lifungwapo, sasa lafunga barabara. Ila jicho la kushoto bado lina ukaidi, naye anashuku chemchemi.